Orodha ya Kagwiria, Sehemu ya Sita: Sauti ya Nane

Juma hili naanza kwa kukiri kosa langu. Wiki iliyopita, nilipowasimulia habari za maombi ya asubuhi katika ile ofisi ya Nkubu, niliandika kwamba sauti nane ziliitikia Amina. Niliandika hivyo, nikaweka nukta, nikaendelea na sentensi nyingine.

Ofisi ile ina wafanyakazi saba, ukimwacha bawabu wa langoni.

Sikuliona. Kagwiria naye, ambaye katika hadithi hii nafuata macho yake na masikio yake, hakuliona. Wote saba walikuwa wamefumba macho ukumbini, na aliyefumba macho hahesabu Amina za wenzake. Ni msomaji mmoja tu, wa huko Chuka, aliyehesabu na kuniandikia: "Mwandishi, huyo wa nane ni nani?"

Swali hilo Kagwiria alichelewa kujiuliza kwa saa tatu, na saa hizo tatu nusura zimgharimu Ruguru uhai wake.

Kwa wewe unayetukuta njiani, mambo yako hivi. Kagwiria ni mtunza kumbukumbu wa ofisi inayowaficha wanawake waliokimbia waume wenye mikono mizito. Kompyuta yake ndiyo pekee inayotunza orodha ya mahali kila mwanamke anakolala. Wako kumi na mmoja. Mmoja wao ni Ruguru wa Timau, ambaye keshokutwa, Alhamisi, atasimama mbele ya hakimu mjini Meru kueleza jinsi mumewe, Kailemia, alivyomfungia ndani ya nyumba na kuitia moto. Kailemia yuko nje kwa dhamana. Ameapa mbele ya watu kwamba Alhamisi hiyo mkewe hataiona.

Tulimwacha Kagwiria Jumanne, saa tano ya asubuhi, amepiga magoti chini ya meza yake. Stima, iliyokuwa imekatika tangu asubuhi, ilikuwa imerudi. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, na kwenye kiganja chake palikuwa na skrubu moja ndogo aliyoiokota sakafuni.

"Kithinji!" aliita. "Kithinji, kuja huku!"

Kithinji, fundi wa kompyuta wa ofisi, aliingia na kikombe cha chai mkononi na mzaha mdomoni. "Umeiua tena? Wiki jana ulisema ni panya. Leo ni nani, popo?"

"Tazama."

Alitazama. Mzaha ukamtoka usoni. Alikiweka kikombe sakafuni, akashika ubavu wa kompyuta, na ule ubavu ukamjia mkononi bila bisibisi. Ndani, nyaya mbili zilikuwa zinaning'inia bila kushika kitu.

"Diski haipo," alisema.

"Haipo kivipi?"

"Haipo, Kagwiria. Imechomolewa."

Kagwiria alishika ukingo wa meza. "Lakini nina paswadi. Uliniambia paswadi yangu haivunjiki."

"Na haijavunjwa. Paswadi ni ya mlangoni. Huyu hakugonga mlango, ameng'oa chumba chenyewe akaenda nacho."

"Kwa hiyo sasa hivi anasoma? Popote alipo, anasoma majina?"

Hapo Kithinji alifanya jambo ambalo Kagwiria hakulitarajia. Alitabasamu.

"Hawezi. Hapo ndipo alipopotea. Diski yenyewe niliifunga mimi. Unakumbuka zile namba nane unazoandika asubuhi, kabla kompyuta haijaamka? Bila hizo alichobeba ni chuma tu. Hata mimi niliyeifunga siwezi kuifungua nikiwa sina namba."

"Na namba anazo nani?"

"Wewe, mimi, na Mama Njoki. Basi."

Kagwiria aliketi. Aligundua kwamba alikuwa amefinya ile skrubu mpaka ikamchora kiganja. Kwa mara ya kwanza tangu kioo kilipobaki cheusi, alivuta pumzi iliyofika tumboni.

Raha hiyo ilidumu kwa muda wa kumwita mkurugenzi na bawabu.

Mama Njoki, mkurugenzi, ni mwalimu mstaafu. Hupandisha sauti mara chache, na hakuipandisha sasa. "Muturi, leo umemwingiza nani?"

Mzee Muturi wa langoni alivua kofia. "Mtu mmoja tu, Madamu. Saa mbili. Yule bwana wa benchi."

"Anayemngoja dada yake?"

"Huyo huyo. Leo ni siku ya nne. Kila siku anasema dada yake yuko njiani kutoka Maua. Leo nikamwambia, ngoja, wako kwenye maombi. Akaniambia, mzee, hata mimi nimesongwa na mambo, niache nikaombe nao." Muturi aligeuza kofia mikononi. "Sasa, Madamu, nimfungie mtu lango akitaka kuomba? Nimwambie Mungu nini?"

Kila mmoja wao angefanya vilevile. Kwa miaka tisa desturi ya ofisi ile imekuwa moja. Saa nyingine yoyote mgeni huulizwa kitambulisho, huandikwa daftarini, na mkoba wake hufunguliwa. Wakati wa maombi lango huachwa wazi, na anayekuja huingia na mkoba wake. Mama Njoki mwenyewe ndiye aliyeianzisha.

"Ukumbini hakuja," alisema Mama Njoki. "Ningemwona."

"Mama, ulikuwa umefumba macho," alisema Kithinji kwa upole. "Na wewe ukishafumba, ombi lako huzunguka kaunti zote arobaini na saba kabla halijarudi Nkubu."

Siku nyingine wangecheka.

Kagwiria alikuwa anairudia asubuhi ile akilini, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Ukumbini alikuwa amesimama mahali pake pa kila siku, nyuma kabisa, mgongo ukigusa kile kiambaza cha mbao nyembamba. Sauti za wenzake zilitoka mbele yake, kuliani na kushotoni. Sauti moja ilitoka nyuma.

Nyuma ya kiambaza kile ni chumba chake. Alikuwa ameuacha ufunguo mlangoni, kama kawaida. Nani hufunga chumba kwa sababu ya kwenda chumba cha pili kuomba?

"Aliitikia," alisema.

"Nani?"

"Alikuwa humu. Amepiga magoti hapa, anafungua skrubu zangu. Na Mama ulipomaliza kuomba, akaitikia Amina pamoja nasi."

Muturi alivaa kofia, akaivua tena.

"Subirini," alisema Kithinji. "Stima ilipotea saa ngapi?"

"Mara tu baada ya maombi. Nilikuwa bado sijaketi."

"Na kinu cha ng'ambo, kilinyamaza?"

Walitazamana. Kinu cha posho cha ng'ambo ya barabara hakikunyamaza hata dakika moja. Kagwiria alikuwa amefunga dirisha kwa ajili ya vumbi la unga wake. Alikaa saa tatu akichemsha maji ya chai kwenye jiko la makaa na kulalamika kuhusu stima, huku nje ya dirisha lake stima ikisaga mahindi ya watu.

"Mimi ndiye niliyeinua swichi kuu saa tano," alisema Kithinji. "Niliikuta imeshuka, nikadhani imejishusha yenyewe. Aliishusha kwa mkono wake akitoka. Alijua tukikosa stima hatutajaribu kuiwasha kompyuta. Alijikatia saa tatu."

Saa tatu. Kutoka Nkubu hadi Embu ni mwendo wa saa mbili kwa mwenye gari.

"Lakini hana namba," alisema Kagwiria. "Kithinji, si umesema hana namba?"

"Hana."

Muturi alikohoa. "Namba gani hizo?"

"Za kufungulia, mzee. Hazikuhusu."

"Ninauliza kwa sababu jana yule bwana aliniuliza kitu, nikakiona cha kawaida." Alimtazama Kagwiria kama anayeomba radhi mapema. "Aliniuliza, yule dada wa kumbukumbu, mbona kila akitaka kuwasha mashine huinua macho ukutani kwanza? Nikamwambia, huyo ni mcha Mungu, anaomba kabla ya kazi. Akacheka. Akasema, vizuri sana."

Wote wanne waligeuka.

Ukutani, juu ya kabati, palikuwa na ubao mdogo wa namba za nyimbo, kama ule unaotundikwa kanisani. Waumini wa parokia waliutoa zawadi siku ofisi ilipofunguliwa, na nyimbo tatu zilizoimbwa siku ile hazijawahi kuondolewa. Arobaini na nane. Mia moja ishirini na saba. Mia mbili na tatu.

Kithinji alipoifunga diski alitaka ufunguo wa herufi na namba zilizovurugwa. Mama Njoki alikataa, akasema huo atauandika kwenye karatasi na karatasi ataipoteza. Basi Kagwiria, akitaka kuwapatanisha, akasema: tuchukue namba ambazo hakuna kati yetu atakayezisahau.

"Nne, nane, moja, mbili, saba," Kithinji alianza kusoma, kisha akanyamaza.

Ukiwa kwenye benchi la wageni, mbele ya mlango wa chumba hiki, huwezi kuuona ubao. Unaona uso wa Kagwiria tu, na mahali macho yake yanapokwenda. Yaliyobaki mtu huyaona akisimama chumbani kwa dakika saba, wakati watu saba wamefumba macho.

"Wote kumi na mmoja wamo?" aliuliza Mama Njoki.

"Wote," alisema Kagwiria. "Lakini anayetafutwa kabla ya Alhamisi ni mmoja."

Tayari alikuwa ameshika simu.

Ruguru alikuwa amefichwa kwa Wambeti, mkulima wa majani chai katika miinuko iliyo juu ya mji wa Embu. Kule, ila Wambeti, hakuna aliyemjua kwa jina lake. Wambeti alimpa jina la Wawira, na majirani waliambiwa ni mke wa binamu. Simu Ruguru hakuruhusiwa kuwa nayo. Ili umpate, ilikubidi umpate Wambeti kwanza.

Simu iliita mpaka ikakatika. Kagwiria akapiga tena. Ikaita, ikakatika. Mama Njoki alikuwa anasema kitu kwa sauti ya chini, na Kagwiria hakujua kama anaomba au anahesabu.

Mara ya tatu ikapokelewa.

"Wimwega, Kagwiria! Nilijua tu utapiga. Subiri kidogo, mikono imejaa unga. Nakuweka hapa mezani, sauti itoke kwa spika... Haya. Sema, mami, nasikia."

"Wambeti, Ruguru yuko wapi?"

"Yuko salama! Anachuma majani kule chini, upande wa mto. Na huyu bwana wenu nimemsumbua leo, mpaka namwonea huruma." Wambeti alicheka. "Nimemwambia mimi simjui Ruguru, sijawahi kumsikia, mpaka Kagwiria mwenyewe anitajie kwa sauti yake. Si ndivyo mlivyonifundisha?"

Kagwiria aliibana simu sikioni.

"Bwana gani?"

"Huyu mliyemtuma. Yuko hapa, anakunywa chai."

Kiti kikasogea. Kikombe kikawekwa juu ya meza, taratibu, na mtu asiye na haraka.

"Asante sana, dada Kagwiria," ilisema sauti ya kiume. Ilikuwa sauti laini, ya mtu aliyeshiba. "Huyu mama ni mgumu. Nimekaa hapa nusu saa, nilikuwa karibu kuamini kwamba nimekosea nyumba."

Kagwiria alisikia mlango.

"Wewe!" Wambeti alipiga kelele. "Wewe, unaenda wapi? Kagwiria, si huyu ni wenu? Kagwiria!"

"Si wetu! Mzuie! Wambeti, mzuie, ita majirani!"

Sufuria ikaanguka. Kishindo kizito, na sauti ya Wambeti ikakatika kama ya mtu aliyepigwa na hewa ikamtoka. Kisha hatua zake, zikichechemea, zikaenda mbali. Mbwa akaanza kubweka.

Hapakubaki mtu karibu na simu. Kagwiria aliyasikia mafuta yakichemka kwenye kikaango cha chapati. Aliyasikia vizuri kupita kiasi. Na mbali sana, nyuma ya mafuta, nyuma ya mbwa, aliisikia ile sauti laini ikiwa sasa imepandishwa, ikiita kwa wimbo, kama mtu anayemwita mtoto aje kula.

"Ruguru! Ee Ruguru!"

"Usiitike," alinong'ona Kagwiria, kana kwamba simu ilikuwa mdomo wa Ruguru. "Usiitike, usiitike, usiitike."

Simu ikalia tuu, mara moja, ikawa kimya. Salio lilikuwa limekwisha.

Kithinji alinunua salio kwa simu yake, akakosea namba yake ya siri mara mbili, akalipata. Wakapiga. Simu ya Wambeti iliita katika chumba kitupu. Wakapiga tena.

Mama Njoki aliwapigia simu polisi wa Embu. Askari aliyepokea alikuwa na adabu. Alimwomba afike kituoni kuandikisha taarifa.

"Niko Nkubu, kijana! Mtu anauawa huko kwenu!"

"Basi, mama, andikisha huko Nkubu."

Hapo Mama Njoki alitoa ile sauti aliyoifundishia darasa la nane kwa miaka thelathini. Alimuuliza jina lake. Alimuuliza jina la mama yake. Akamwambia kwamba kufikia jioni ya leo yeye na mama yake watakuwa wamezungumza. Askari akasema gari litatoka.

Dakika ishirini na mbili zilipita. Kagwiria alizihesabu kwenye saa ya ukutani kwa sababu kuhesabu kulimzuia kufikiri. Kila alipoacha, alikumbuka kwamba yule mtu alikuwa na diski, alikuwa na namba, alikuwa ameketi ndani ya nyumba yenyewe, na bado mlango wa mwisho ulikuwa umemshinda. Mlango huo ulikuwa Wambeti. Na Wambeti alifunguka kwa sauti ya Kagwiria.

"Ni mimi niliyefungua lango," Muturi alisema kutoka mlangoni. Alikuwa hajaondoka.

"Na ni mimi niliyemwambia alipo, mzee."

"Wewe hukujua."

"Na wewe je, ulijua?"

Mzee akatazama chini.

Simu ikatetemeka. Namba ngeni.

"Ni mimi," sauti ilinong'ona.

Kagwiria alifungua mdomo kuuliza uko wapi, akaufunga. Swali hilo alikuwa amekwisha kuliuliza leo.

"Usiniambie ulipo," alisema. "Kwanza, nani yuko karibu nawe?"

"Mama mmoja aliyekuwa anakata nyasi za nepia. Simu ni yake." Ruguru alikuwa anahema. "Kagwiria, nilisikia mtu anaita Ruguru. Hapa hakuna anayenijua kwa jina hilo. Sauti haikuwa ya Kailemia, lakini nilipolisikia tu, nikajua limetoka Timau, kwake. Nikalala chini ya michai, nikatambaa. Alipita, Kagwiria. Niliona viatu vyake. Alisimama hapo, akanyamaza, akawa anasikiliza. Nikauma kanga."

"Ameenda?"

"Wambeti alipiga mayowe mpaka watu wakatoka na mapanga. Yule mtu akakimbilia gari lililokuwa limeachwa barabarani. Wambeti alisukumwa naye, akaanguka, mkono wake umevimba. Lakini bado anawatukana, nimemsikia hadi mtoni."

Kagwiria alicheka huku akifuta macho.

"Alijuaje?" aliuliza Ruguru. "Mliniambia hakuna ajuaye."

Kagwiria angeweza kusema kompyuta imeibwa. Lingekuwa jibu la kweli, na Kithinji, aliyesimama mbele yake, alikuwa tayari anaitikia kwa kichwa kumtia moyo alitoe hilo. Lakini halikuwa jibu lote.

"Nyumba aliipata kwenye kompyuta yangu. Kwamba uko shambani, upande wa mto, alilipata kwangu. Niliuliza kwa simu, naye ameketi hapo."

Maji ya mto yalisikika.

"Na sasa unataka nikufuate tena," alisema Ruguru. Hakuuliza.

"Sasa nataka uamue. Nina mahali pamoja. Hapajawahi kuandikwa popote. Usipotaka, mpe yule mama simu, nimwombe akufiche mpaka polisi wafike, na mimi nisijue."

Alingoja. Mama Njoki alikuwa amevuta karatasi na kufungua kalamu, tayari kuandika kitakachosemwa, kama alivyofanya maisha yake yote. Kagwiria alinyoosha mkono akaitwaa ile kalamu vidoleni mwake.

"Niambie," alisema Ruguru.

"Mama, naomba mtoke. Wote watatu."

"Hata mimi?" aliuliza mkurugenzi.

"Hata wewe, Mama. Mnisamehe."

Alikuwa hajawahi kumwamuru mkubwa wake jambo lolote. Mama Njoki alisimama, akamshika Muturi mkono, wakatoka. Kithinji aliufunga mlango nyuma yake bila kuambiwa.

Kagwiria alilisema jina la mahali mara moja tu. Mimi nililisikia, kwa kuwa nilikuwa masikioni mwake, lakini siwaandikii hata ninyi.

"Na Alhamisi?" aliuliza Ruguru. "Nitafika mbele ya hakimu, au ndiyo imekwisha?"

"Bado unataka kwenda?"

"Nimelala kwenye tope, Kagwiria, na viatu vya mtu viko karibu na pua yangu kama simu hii ya huyu mama. Alitaka nisifike. Nitafika hata nikiwa na tope hilo."

Mchana ule na alasiri ile hakuna aliyekula. Kagwiria aliwahamisha wote kumi na mmoja kwa simu, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa, na kila alipokata simu alikaa kidogo amefumba macho akirudia jina na mahali mpaka viingie. Wa mwisho alipata pa kulala jua likiwa bado liko juu ya miti. Sauti yake ilikuwa imekauka. Hapakuwa na karatasi mezani.

Kithinji alirudi kutoka mjini na diski mpya, na mnyororo wa chuma, na kufuli kubwa kama ngumi.

"Hii hata akija na nyundo," alisema.

"Iweke tu. Haitakuwa na kitu ndani."

"Kagwiria, orodha lazima ikae mahali."

"Inakaa."

Alimtazama, akaelewa, na uso wake ukabadilika.

Saa kumi na moja Mzee Muturi alileta daftari la wageni. Alikuwa amelitazama peke yake langoni kwa muda mrefu kabla ya kuja. Yule bwana wa benchi alikuwa ameandika jina siku tatu za kwanza, na leo pia, akitoka, wakati Muturi alipokuwa anachochea jiko. Gitobu, kutoka Timau. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu asiyeona haya. Liwe jina la kweli au la uongo, ndilo walilo nalo.

"Si jina, mwanangu," alisema Muturi. "Tazama huku pembeni."

Daftari lile lina safu ya mwisho ambayo hakuna anayeisoma: *anayekuja kuonana na*. Wageni wengi huandika ofisi, au huacha wazi. Gitobu hakuacha wazi. Alhamisi, Ijumaa, Jumatatu na Jumanne, siku zote nne, alikuwa ameandika neno moja.

Kagwiria.

Tangu siku hiyo lango la ofisi ya Nkubu hufungwa wakati wa maombi. Orodha haiko kwenye kompyuta wala kwenye karatasi. Iko kichwani mwa Kagwiria peke yake, na Gitobu bado hajakamatwa.